Jinsi ya Kusoma Michoro na Jeni za Chatu Mpira: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji

Mtu akikutumia picha ya chatu mpira kwenye WhatsApp na kukuuliza huyu ni wa aina gani, usimjibu papo hapo. Nyoka mmoja anaweza kuwa na jeni tatu zinazoonekana na mbili zisizoonekana kabisa, na nyoka wawili wanaofanana sana wanaweza kuwa wametokana na jeni tofauti. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mmoja: kwanza andika unachokiona, halafu taja majina yanayowezekana, kisha tafuta ushahidi kwa wazazi na kwa watoto. Jina liwe la mwisho. Anayeanza na jina huishia kuona kwenye nyoka kile alichokwisha kukiamini.

Kabla ya yote, karatasi

Chatu mpira, kwa jina la kisayansi Python regius, si nyoka wa Kenya. Makao yake yanaanzia Senegal, yanapita Ghana, Togo na Benin, hadi Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda. Sisi tuna chatu wetu wakubwa wanaoweza kupita mita 4, nao ni spishi nyingine. Kwa hiyo kila chatu mpira aliyeko Nairobi ameletwa, au amezaliwa na walioletwa. Chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Pili. Hapa nyumbani, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, basi anzia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi moja. Muuzaji asiyekuwa na karatasi za nyoka hana pia karatasi za wazazi wake, na bila wazazi nusu ya mwongozo huu haikufai. Na asikudanganye mtu kwamba nyoka akikushinda utamwachilia Karura au Ngong. Huyu si wa misitu yetu. Anaweza kufa kwa baridi, au kuleta magonjwa kwa walioko.

Asiyetaka kufuga ila anataka kuzoeza macho yake anaweza kwenda Snake Park, pale Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kukaa mbele ya kioo na kuufuata mchoro wa nyoka yeyote kutoka shingoni hadi mkiani ni mazoezi mazuri.

Hatua ya 1: Mjue wa kawaida mpaka umchore bila kumtazama

Huwezi kutambua kilichobadilika kama hujui kilikuwaje. Chatu mpira wa kawaida ana rangi ya msingi nyeusi au kahawia iliyokolea. Juu yake kuna mabaka ya kahawia-dhahabu. Ubavuni mabaka hayo huwa makubwa na ya mviringo, na ndani yake mara nyingi kuna madoa mawili meusi yanayofanya baka zima lifanane na uso wenye macho. Mimi huyaita vinyago, na nitalitumia neno hilo hadi mwisho. Mgongoni kuna vipande vya rangi ya dhahabu vinavyokatika na kuungana bila utaratibu. Tumbo ni jeupe au la rangi ya krimu, pengine na madoadoa meusi machache. Kichwa ni cheusi juu, na kila upande kuna mstari wa njano unaotoka puani, unapita kwenye jicho, hadi nyuma ya taya.

Hata wa kawaida hawafanani. Mmoja ana vinyago vikubwa vilivyojitenga, mwingine vimeshikana, wa tatu ana mstari mrefu mgongoni uliotokea tu. Tazama picha za wa kawaida wengi kabla hujaanza kutazama mofu, yaani zile sura za kurithi ambazo wafugaji wamezipa majina kama Pastel, Spider au Clown. Mgeni wa mambo haya hukimbilia picha za nyoka weupe na wa zambarau, kisha akiona wa kawaida mwenye mstari mgongoni anadhani amepata hazina.

Hatua ya 2: Tayarisha nyoka na mwanga

Usimtathmini nyoka anayekaribia kujivua gamba. Siku hizo macho yake huwa na ukungu wa bluu, tumbo huwa na wekundu, na rangi zote hufifia. Subiri ajivue, kisha ngoja siku moja au mbili. Kwa mtoto aliyetoka tu kwenye yai, ngoja ajivue mara ya kwanza, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya wiki mbili hivi. Hapo ndipo rangi zake huwa safi kuliko wakati mwingine wowote.

Mwanga uwe wa mchana wa kivuli. Anga la mawingu la Nairobi mwezi Julai linafaa sana kwa kazi hii: mwanga wake umetawanyika na hauangazi upande mmoja. Taa za balbu za njano humgeuza kila chatu kuwa Pastel, mofu yenye njano iliyokolea, na taa nyeupe kali humfanya aonekane ameishiwa njano. Weka karatasi nyeupe kando ya nyoka unapompiga picha. Karatasi ikitoka ya krimu kwenye simu, basi na rangi za nyoka zimedanganywa. Zima pia vipambo vya kamera vinavyokoleza rangi.

Piga picha tano: kichwa kwa juu, kichwa kwa upande ili jicho na mdomo vionekane, mwili mzima kwa juu, ubavu mmoja kutoka shingo hadi mkia, na tumbo. Ya tumbo ndiyo watu husahau, na ndiyo mara nyingi hutoa jibu.

Hatua ya 3: Soma mwili kwa mpangilio

Anza na macho. Jicho la kawaida ni jeusi au kahawia nzito. Jicho jekundu au la waridi linaashiria ukosefu wa melanini, ile rangi nyeusi na kahawia ya ngozi, yaani Albino na jamaa zake. Jicho la bluu kwenye nyoka mweupe lina maana tofauti kabisa na jicho jeusi kwenye nyoka mweupe, tutafika huko. Jicho lenye ukijani hafifu ni dalili ya kwanza ya Pastel.

Kichwa. Je, weusi wa juu umefifia, una waa la rangi nyepesi katikati, au umegawanyika? Fire huacha alama nyepesi utosini. Pastel hufifisha kichwa na kuacha midomo ikiwa myeupe. Clown huleta mchoro wa ajabu juu ya kichwa, na mara nyingi alama nyeusi chini ya jicho mithili ya tone la chozi. Spotnose huacha vidoa puani.

Mgongo. Mstari mmoja mpana usiokatika, mweusi-kahawia, ni wa Clown. Mistari myembamba inayofuata kingo mbili za mgongo, pamoja na ubavu uliopungua mchoro, inaelekeza kwa Pinstripe. Mstari wa njano unaotoka shingoni hadi mkiani unaweza kuwa Genetic Stripe, lakini mstari ni kitu kinachodanganya sana, nitaeleza chini.

Ubavu ndio ukurasa wenye maandishi mengi. Angalia vinyago: vina macho mawili, moja, au hakuna? Mojave hupenda kuacha doa moja katikati, na kinyago kikachukua umbo la tundu la ufunguo. Angalia pia miali, yaani rangi nyepesi inayopanda kutoka tumboni kuelekea ubavuni kama ndimi za moto. Jeni nyingi huongeza miali, basi ukiiona pekee usikate shauri, iandike tu. Spider huufanya mchoro wote kuwa nyuzi nyembamba nyeusi, na sehemu ya chini ya ubavu kuwa nyeupe sana.

Tumbo, hatimaye. Mojave na Lesser kwa kawaida wana tumbo jeupe safi. Yellow Belly ndiye anayehitaji subira: mgongo wake unaweza kukupita ukadhani ni wa kawaida, lakini tumbo ni angavu katikati, na kwenye ukingo ambapo magamba ya tumbo yanakutana na ubavu kuna vipande vya rangi vinavyopokezana na vyeupe kwa mpangilio. Mgeuze polepole, mshike sehemu mbili, na usome ukingo huo gamba kwa gamba kutoka katikati ya mwili kwenda mkiani. Nimewaona watu wazima wakibishana nusu saa kuhusu mgongo wa nyoka ambaye jibu lake lilikuwa wazi chini.

Hatua ya 4: Tenga rangi na mchoro

Sasa chukua maandishi yako uyagawe mara mbili: kilichobadilika kwenye rangi, na kilichobadilika kwenye mchoro. Ngozi ya chatu ina chembe za aina mbalimbali. Kuna zinazobeba melanini, ambayo ni weusi na kahawia, na kuna zinazobeba njano na wekundu. Jeni inayogusa melanini peke yake huacha njano ikiwaka kwenye weupe. Huyo ni Albino. Jeni inayoondoa njano huacha nyoka wa kijivu, mweusi na mweupe. Huyo ni Axanthic. Ghost, ambaye wengine humwita Hypo, ana melanini pungufu, na nyoka mzima huonekana kana kwamba yuko karibu kujivua gamba hata siku aliyojivua. Katika wote watatu mchoro wenyewe ni wa kawaida: vinyago vipo, viko mahali pake. Kilichobadilika ni wino tu.

Pinstripe, Spider na Clown hugusa zaidi mpangilio wa mchoro. Piebald ni kundi lake: sehemu nzima za mwili hazina rangi wala mchoro, nyeupe tupu, ilhali kichwa karibu kila mara hubaki na rangi. Kiasi cha weupe hakitabiriki. Wazazi wawili wenye weupe mwingi wanaweza kupata mtoto mwenye mkanda mmoja mdogo tu.

Sayansi imeanza kuonyesha kinachotokea ndani. Mwaka 2022 watafiti nchini Marekani, wakitumia magamba yaliyovuliwa na kutumwa na wafugaji wa kawaida, waliihusisha sura ya Albino na jeni ya TYR, mofu ya Lavender Albino na jeni ya OCA2, na mofu ya Ultramel na jeni ya TYRP1. TYR na OCA2 ndizo zilezile zinazohusika na ualbino kwa binadamu. Piebald nayo imehusishwa na jeni inayoitwa tfec, inayoongoza ukuaji wa chembe za rangi. Ninaona fahari kwamba gamba ambalo wengi hulitupa kwenye pipa la taka limefundisha hayo yote.

Hatua ya 5: Jua jeni inavyorithiwa

Bila hatua hii, majina ni mapambo. Kila mtoto hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mambo yanakwenda kwa njia tatu kuu.

Jeni fifi huonekana tu mtoto akipata nakala mbili. Albino, Piebald, Clown, Axanthic, Ghost na Genetic Stripe wako hapa. Mwenye nakala moja ni mbebaji: kwa macho ni wa kawaida, lakini anaweza kuipitisha. Wabebaji wawili wakizaana, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto anayeonyesha jeni, 2 kati ya 4 ya kutoa mbebaji, na 1 kati ya 4 ya kutoa asiye na kitu. Kati ya watoto wanaoonekana wa kawaida, basi, wabebaji ni 2 kwa kila 3. Ndipo inapotoka ile asilimia 66 inayoandikwa kwenye matangazo. Mbebaji akizaa na asiyebeba, nafasi ya kila mtoto kuwa mbebaji ni asilimia 50. Mwenye kuonyesha jeni akizaa na wa kawaida, watoto wote ni wabebaji, asilimia 100, na hao ndio wa kununua kama unaweza.

Jeni tawala nusu huonekana hata kwa nakala moja, na nakala mbili huleta sura nyingine yenye nguvu zaidi inayoitwa supa. Pastel, Mojave, Lesser, Fire, Enchi, Cinnamon na Yellow Belly wako hapa. Pastel na Pastel hutoa Supa Pastel kwa 1 kati ya 4. Fire na Fire hutoa nyoka mweupe mwenye macho meusi, pengine na madoa ya njano. Yellow Belly wawili hutoa Ivory, mweupe-krimu mwenye mstari hafifu wa njano mgongoni.

Jeni tawala kamili huonekana vilevile kwa nakala moja au mbili. Pinstripe huhesabiwa hapa. Kumtambua mwenye nakala mbili kwa macho haiwezekani. Utamjua kwa watoto, maana wote watakuwa Pinstripe.

Kumbuka kwamba nafasi hizi ni za kila yai. Chatu mpira hutaga mayai machache, mara nyingi 4 hadi 8. Ukipata sita na hakuna Albino hata mmoja, bahati haikukuangukia. Hesabu yenyewe haikukosea.

Hatua ya 6: Zijue koo zinazoshikana

Hapa ndipo palipo utamu wa kazi hii, na ndipo wengi hupotea. Mojave, Lesser, Mystic na wengine kadhaa ni matoleo tofauti ya jeni moja, yote yakikaa mahali pamoja kwenye kromosomu, yaani uzi wa ndani ya chembe unaobeba jeni. Kwa hiyo Mojave akizaa na Lesser, mtoto anayepata moja kutoka kila upande hatakuwa mchanganyiko wa sura mbili. Atakuwa mweupe mwenye macho ya bluu. Lesser wawili hutoa mweupe safi wa namna hiyohiyo. Mojave wawili hutoa mweupe mwenye kivuli cha kijivu kichwani. Na Mojave akikutana na Mystic hutoka mtoto wa kijivu-zambarau. Kwa hiyo ukimwona mweupe mwenye macho ya bluu huwezi kusema ametoka kwa nani. Uliza wazazi.

Undugu huu una matokeo ya kuhesabika. Mweupe wa Mojave na Lesser akizaa na wa kawaida, kila mtoto atapata ama Mojave ama Lesser, na hakuna hata mmoja atakayepata zote mbili wala kukosa zote. Ukiambiwa baba ni huyo na mtoto ni wa kawaida kabisa, kuna kitu hakijasemwa.

Cinnamon na Black Pastel nao ni ndugu, na pamoja hutoa nyoka mweusi-kahawia asiye na mchoro. Yellow Belly ana ukoo wake, pamoja na Gravel, Specter na Asphalt. Albino ana ndugu wawili, Candy na Toffee.

Axanthic ni kinyume chake. Kuna koo kadhaa za Axanthic zinazofanana kwa macho, kama zile zinazoitwa VPI na TSK, lakini hazishikani. VPI akizaa na TSK, watoto wote wataonekana wa kawaida. Muuzaji asiyejua Axanthic wake ni wa ukoo gani anakuuzia nusu ya habari.

Hatua ya 7: Vua tabaka moja moja

Nyoka wengi wa leo wana jeni mbili, tatu au zaidi. Usijaribu kumtambua wote kwa pamoja. Jiulize: jeni gani ina sauti kubwa hapa? Kwa kawaida ni ya mchoro. Ukiona nyuzi za Spider, weka Spider pembeni na uulize, je, rangi hii ni ya Spider wa kawaida? Ikiwa ni ya njano kuliko inavyotakiwa na kichwa kimefifia, kuna Pastel pia, na mchanganyiko huo huitwa Bumblebee. Pastel na Pinstripe huitwa Lemon Blast. Pastel na Cinnamon ni Pewter. Fire na Pastel ni Firefly. Majina haya ya biashara ni mengi mno, na sioni haja ya kuyakariri. Kariri jeni, majina utayasoma.

Jeni laini kama Fire, Yellow Belly na Enchi zinapochanganyika na zenye nguvu zinaweza kuzama zisionekane. Ndani ya nyoka mweupe hata Pastel hupotea. Hapo macho yamefika mwisho wa uwezo wao.

Hatua ya 8: Banana na jinsia

Banana, ambaye pia huitwa Coral Glow, ni wa njano-machungwa na zambarau hafifu, na kadiri anavyokua hupata vidoa vyeusi mwili mzima. Jeni yake iko kwenye kromosomu za jinsia. Chatu hawa wana mfumo wa X na Y, dume akiwa XY. Dume aliyeirithi Banana kwa baba anayo kwenye Y, hivyo watoto wake walio Banana karibu wote ni madume. Dume aliyeirithi kwa mama anayo kwenye X, na Banana wake karibu wote ni majike. Nasema karibu kwa sababu mara chache kromosomu hubadilishana vipande. Jike wa Banana hana upendeleo. Kwa hiyo unaponunua dume wa Banana, swali la kwanza liwe: aliipata kwa nani?

Hatua ya 9: Vitu vinavyodanganya macho

Joto la inkubeta ndilo la kwanza. Mayai hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi kwa muda wa siku 55 hadi 60 hivi. Yakipata joto kupita kiasi au baridi, watoto wanaweza kutoka na mistari, mabaka yaliyoungana au mchoro uliovunjika, mambo ambayo hayarithiwi hata kidogo. Kwa sisi tunaoishi mji ambao Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12 na stima hupotea bila taarifa, hili si jambo la pembeni. Weka kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa, na uandike. Mtoto mwenye mstari aliyetoka kwenye mayai yaliyokosa umeme asiitwe Genetic Stripe hadi watoto wake wathibitishe.

Umri ni wa pili. Pastel wengi huingia ukahawia wakikomaa, na Axanthic wa koo fulani pia. Picha ya mtoto wa wiki tatu haimsemi mkubwa wa miaka minne.

Tatu ni alama za mbebaji. Utaambiwa kwamba mbebaji wa Piebald ana mistari miwili sambamba tumboni karibu na mkia, au kidoa cheupe mkiani. Wapo wabebaji wenye alama hizo, wapo wasio nazo, na wapo nyoka wa kawaida walio nazo. Ziandike kama dokezo. Usizilipie.

Nne, baba anaweza asiwe uliyemdhania. Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu, mayai ya mtago mmoja yanaweza kuwa na baba wawili, na imethibitika kwamba jike wa chatu mpira anaweza hata kuzaa bila dume. Kama jike aliwahi kukaa na dume mwingine, liandike jina la huyo pia.

Hatua ya 10: Jeni zinazomuumiza nyoka

Kutambua jeni ni pia kujua nani asizalishwe. Spider wote wana kasoro ya sikio la ndani, mahali panaposhika mizani ya mwili, na hiyo huja na jeni yenyewe. Kwa baadhi ni kichwa kinachoinama kidogo, kwa wengine ni kujipindapinda na kukosa shabaha wakati wa kula. Hakuna Spider aliyezalishwa kwa uangalifu hadi ikamtoka. Champagne na Woma wana tatizo la aina hiyo. Supa Cinnamon huweza kuzaliwa na pua iliyobonyea na uti wa mgongo uliopinda, Caramel Albino naye uti wa mgongo uliopinda, na majike wa Desert hupata shida kubwa ya kutaga.

Maoni yangu nayasema waziwazi: usizalishe Spider. Uzuri wa zile nyuzi hauwezi kulipia mnyama anayeishi maisha yake yote bila kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Ukiona mtoto anayeinamisha kichwa na hujui jeni zake, mpeleke kwanza kwa daktari wa wanyama, kwa maana maambukizi na joto kali vinaweza kuleta dalili hizohizo.

Hatua ya 11: Uthibitisho

Una nyoka uliyeambiwa huenda ni mbebaji wa Piebald. Utajuaje? Mzalishe na Piebald anayeonekana. Kama kweli ni mbebaji, kila yai lina nafasi ya nusu kutoa Piebald. Ukipata watoto sita na hakuna hata mmoja, jua kwamba mbebaji wa kweli hukosa bahati namna hiyo mara 1 tu kati ya 64. Unaweza kufunga faili. Lakini ukimzalisha na mbebaji mwenzake, kila yai lina robo tu, na watoto sita bila Piebald hutokea kwa karibu asilimia 18 hata kama wazazi wote ni wabebaji. Hapo hujathibitisha chochote. Jike huhitaji miaka mitatu hivi na uzito wa karibu kilo 1.5 kabla ya kuzaa, kwa hiyo chagua jaribio lenye jibu.

Njia fupi ni kipimo cha DNA. Maabara kadhaa za Marekani hupima jeni fifi zinazojulikana kwa kutumia kipande cha gamba. Si kila mofu ina kipimo, na orodha hukua. Kabla hujatuma, ulizia KWS kuhusu karatasi, maana hata sehemu ya mnyama aliye kwenye orodha za CITES inaweza kuhitaji kibali kuvuka mpaka.

Kila nyoka awe na kadi yake: namba, tarehe aliyoangua, wazazi wote wawili na wanaoshukiwa, joto la juu na la chini la inkubeta, picha zile tano, na safu tatu za jeni. Safu ya kwanza ni zilizothibitishwa kwa wazazi, watoto au maabara. Ya pili ni zinazoonekana kwa macho. Ya tatu ni za kubahatisha, pamoja na asilimia yake. Ukiuza, nakili kadi nzima, na bei ihesabu safu ya kwanza peke yake, au ya kwanza na ya pili kama picha za tumbo zipo. Gamba la kwanza la kila mtoto lianike kivulini likauke kabisa, ulitie kwenye bahasha ya karatasi yenye namba yake. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu hushika unyevu na gamba likaota kuvu.